Wanawake Kumi na Mmoja Niliowafanya Mtu Mmoja

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyetupa ulimi miaka mingi kabla ya kutupa simu, na anayesikia hata maneno ambayo wanadamu wameyafuta. Namshukuru kwa afya, kwa macho ambayo asubuhi bado yanasoma bila miwani, na kwa mke ambaye anavumilia manung'uniko yangu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu. Baada ya hayo, vijana wangu, nikae vizuri niwaambie.

Nilifanya kazi katika redio moja hapa Kasese mpaka nilipostaafu. Mwanzo nilikuwa mtu wa barua na kadi za salamu. Redio ilipofungua tovuti na watu wakaanza kuandika maoni chini ya habari, wakanitafutia kiti mbele ya kompyuta, wakasema, "Mzee Bwambale, wewe unasoma Kiswahili, Lhukonzo, Kiganda na Kiingereza, utakuwa msimamizi wa maoni." Vijana wa ofisini wakafupisha, wakaniita admini. Kazi yenyewe ni kuamua neno la nani litabaki na la nani litaondolewa. Mara nyingi mmeniambia, "Lakini Mzee, si unabonyeza tu?" Ndiyo, unabonyeza tu. Na dereva wa lori anayeshuka na mzigo kutoka Mpondwe anakanyaga tu.

Niseme mapema kwamba kazi ile ilinichosha moyo kuliko kazi yoyote niliyowahi kuifanya, na mimi nimewahi kubeba chumvi. Haikunichosha kwa matusi. Matusi mtu anayazoea kama harufu ya soko la samaki. Kilichonichosha ni kanuni ambazo leo zinamshika huyu, kesho zinamwachia yule, na ukiuliza kwa nini, unaambiwa usome kanuni.

Siku moja ilitufikia kutoka makao makuu Kampala orodha ya maneno yaliyokatazwa. Waliona kwamba watu wakigombana mtandaoni huitana wanyama, kwa hiyo wakakataza wanyama. Mbwa, nguruwe, fisi, nyani, nyoka, kiboko. Ukiandika mojawapo, mashine inameza maoni yako kabla hata mimi sijayaona. Sasa jamani, sisi tunaishi wapi? Tunaishi kando ya mbuga! Kwetu mnyama si tusi, ni habari. Mama mmoja muuza chumvi wa Kabatoro aliandika mara tatu asubuhi moja kwamba kiboko amesimama kwenye njia ya wanawake wanaoteremka ziwani kuvuna chumvi. Mashine ikameza mara tatu. Mara ya nne akaandika, "Yule mnene wa majini amesimama njiani, mwenye masikio asikie." Ikapita. Nilicheka mpaka chai ikanitoka puani.

Mchana wa siku hiyohiyo bwana mmoja akaandika kwa Kiingereza kirefu, kisafi, chenye nukta na mkato mahali pake, kwamba wanawake wa chumvi ni watu wachafu na haifai kuwasikiliza katika jambo lolote. Mashine haikuona mnyama, ikapitisha. Nikaondoa kwa mkono wangu. Kesho yake nikakuta Kampala wameyarudisha, na ujumbe umeandikwa, "Hayavunji kanuni." Bwana yule alikuwa akitangaza biashara zake kwetu. Sisemi hiyo ndiyo sababu. Nasema tu kwamba nilipowauliza sababu, hawakunijibu.

Nilikuwa na mwalimu, na kila mnachosikia kizuri kwangu kilitoka kwake. Mama Mbambu alikuwa mkuu wa barua redioni nilipoanza kazi, Mkristo wa kusali kweli, na alinifundisha mimi Mwislamu uadilifu kuliko wengi waliovaa kofia kama yangu. Barua ilipofika, kabla ya kuisoma alikunja karatasi sehemu yenye jina la mwandishi, akaibana kwa kidole gumba. "Ukimwona mtu kwanza," alikuwa akisema, "hutasoma tena barua. Utasoma mtu." Kisha alisoma kwa sauti. Barua ya hasira ikisomwa kwa sauti unasikia mahali mwandishi alipoumizwa. Ya uongo unasikia mahali alipojikwaa.

Kwenye kompyuta huwezi kukunja karatasi. Nikakata kipande cha boksi la sabuni, chembamba, nikawa nakisimamisha kwenye kioo kufunika safu ya majina. Vijana walinicheka. Mmoja aliuliza, "Mzee, unaogopa jua?" Lakini kipande kile kiliokoa watu wengi. Kiliokoa wale wa Bwera wanaoandika Kiswahili cha mpakani, ambao mwenzangu mmoja alikuwa akiwafuta wote kwa sababu "hawaeleweki". Mtu anaandika, "Ba mutu ya barabara beko wapi? Mutoto anaanguka mu shimo." Ni nini hapo ambacho hakieleweki? Mtoto ameanguka shimoni! Nilikuwa nikiyarudisha, naye anayafuta, siku nzima, kama watu wawili wanaofunga na kufungua dirisha moja.

Basi nifike kwa jambo lililonifanya nishike kalamu. Nimelizungukia kwa sababu linaniuma.

Ilitoka kwenye tovuti yetu habari ya mkunga wa zahanati moja ya milimani, juu kabisa ya Kyondo. Habari ilimtaja kwa jina lake, lakini hapa nitamwita Sista Yunia, maana huko wauguzi wote wa kike tunawaita sista. Habari ilisema kwamba miezi miwili nyuma mama mwenye uchungu alifika zahanati alfajiri, akakuta mlango umefungwa, akajifungulia nje kwenye nyasi. Mtoto alipona, Mungu ashukuriwe, lakini watu waliwaka. Maoni yalimiminika. Wengi walitaka mkunga afukuzwe, na kamati ya zahanati ikatangaza kwamba itakaa Alhamisi ya wiki iliyofuata kuamua kama abaki au aondoke.

Ijumaa, karibu na saa ya swala, nikaona maoni mapya kumi na moja, yote yakimtetea mkunga, yote yametoka kwenye simu moja. Nikatazama majina. Masika, Biira, Masika, Kabugho, Biira, Biira, Mbambu, Masika, Ithungu, Kabugho, Biira. Nikaguna. Kanuni ya Kampala ilikuwa wazi: simu moja, mtu mmoja, na mtu mmoja akijifanya wengi, yote yaondolewe na wasomaji waarifiwe. Nilikuwa nimeshatia udhu, kanzu nimevaa, nataka kuwahi safu ya mbele. Kipande cha boksi kilikuwa mezani, sikukigusa. Nikafuta yote kumi na moja kwa pigo moja, na juu ya ukurasa nikaandika kwa jina la ofisi: "Tumeondoa maoni ya mtu mmoja aliyejifanya watu wengi ili kumtetea mkunga. Wasomaji wajihadhari."

Nikaenda kusali, moyo mwepesi kabisa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kwa wale wanaonisoma kutoka mbali, nieleze jambo ambalo mimi sikuhitaji kuelezwa. Kwetu Wakonzo jina la mtoto linafuata nafasi yake ya kuzaliwa. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, na kuendelea. Mvulana wa pili ni Bwambale, ndiyo mimi. Ukiita "Biira!" katikati ya soko la Bwera, nusu ya soko itageuka. Mtu wa Kampala angekosea hapo, ningemsamehe. Mimi nimezaliwa humu, dada zangu wenyewe ni Masika na Biira, na bado nilitazama majina yale nikaona mjanja mmoja.

Jumanne askari wetu wa getini, kijana wa upande wa mpaka, akaja mbio.

"Mzee, iko wamama pale inje. Kumi na moja. Banasema beko mutu moja."

"Wanasema nini?"

"Mutu moja. Mimi nimehesabu, Mzee, beko kumi na moja."

Nikatoka. Walikuwa wamesimama kwa mstari, matope ya mlimani yangali miguuni, wawili na watoto mgongoni. Aliyekuwa mbele, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, aliuliza, "Nani hapa anaitwa admini?"

"Ni mimi, mama. Karibuni."

"Asante. Sisi ndio ile mtu moja uliandika. Tumekuja uangalie vile tunafanana."

Yeye akageuka. "Masika, simama mbele!" Wakasogea watatu. Mmoja bibi kizee, mmoja msichana, na wa tatu yeye mwenyewe.

"Na wewe Mzee, jina?"

"Bwambale."

"Bwambaleee!" Wakaangua kicheko wote. "Na fundi wa baiskeli tumepita pale kwa kona, jina yake?"

Nikatazama viatu vyangu, maana namfahamu.

"Bwambale," akajibu mwenyewe. "Na mwenye duka ya simu? Bwambale. Basi siku moja Bwambale akifa, tuzike wote watatu? Kaburi ni moja ama tuchimbe tatu?"

"Mama, simu ndiyo ilinichanganya. Yote yalitoka simu moja."

"Simu ni yangu," akasema mwembamba aliyekuwa nyuma. "Mimi Kabugho. Tulikuwa tunachambua kahawa. Yenye data ni yangu peke yake, ya hawa ni za tochi. Kila mtu anasema, mimi naandika, mwisho naweka jina ya mwenyewe. Iko makosa gani?"

Hapakuwa na kosa lolote. Huko kwetu simu moja ni kama kisima kimoja, na hakuna anayeuliza kwa nini kijiji kizima kinanywa pale.

Kicheko kikaisha. Yule Masika akatoa karatasi iliyokunjwa. "Sasa soma hii. Mwenyekiti wa kamati amechapisha maneno yako. Anatembea nayo. Anasema hata wenye redio wamemkamata Sista akijitetea na majina ya uongo. Alhamisi wanamfukuza, na ni juu ya hii karatasi."

Nilikuwa nimesoma majina tu. Maneno yao sikuyasoma. Nikamwomba kila mmoja aniambie alichoandika. Mmoja wao, Biira mwenye mtoto mgongoni, ndiye aliyenimaliza.

"Mimi nilisema hivi. Ile asubuhi mlango ulifungwa kwa sababu yangu. Nilikuwa kwa machela, wanaume wananibeba kushuka hospitali, damu inatoka. Sista anatembea kando yangu, ameshika chupa ya maji ya mshipa juu namna hii, saa tatu nzima, mkono haujashuka. Angeniacha kwa njia arudi kufungua mlango? Huyu kwa mgongo yangu ndiye alikuwa ndani ya tumbo." Akanigeukia ili nimwone mtoto. "Hiyo ndiyo uongo ulifuta."

Nilipiga simu Kampala palepale, nikiwa nimesimama mbele yao. Aliyekuwa juu yangu alikuwa kijana mpole, Denis, ambaye hajawahi kunipandishia sauti wala kunisaidia.

"Denis, mwanangu, rudisha yale maoni kumi na moja. Nilikosea. Wenyewe wako hapa mbele yangu."

"Mzee wangu, pole sana. Yakifutwa kwa sababu ya ulaghai hayarudi. Mfumo unayachoma."

"Basi ondoa tangazo langu."

"Tangazo la ofisi haliondolewi, Mzee. Watu watasema tunaficha mambo."

"Lakini ni uongo!"

"Ndiyo, Mzee. Lakini limetolewa kwa kufuata kanuni."

"Yule bwana wa Kiingereza mbona mlimrudisha kwa siku moja?"

"Ile ilikuwa kesi tofauti, Mzee."

Nikakata simu. Wale wanawake walikuwa wakinitazama. Kabugho akauliza polepole, "Kwani wewe si ndiye admini?" Nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona. Ufunguo niliopewa ulikuwa wa kufunga tu.

Alhamisi nikaomba ruhusa, nikapanda boda mpaka inapokomea barabara, kisha nikapanda mlima kwa miguu, na magoti haya. Kamati ilikuwa imekaa kwenye mabenchi mbele ya zahanati, na wale wanawake wangu wamesimama nyuma. Sista Yunia alikuwa pembeni, mwanamke mdogo kuliko nilivyomdhania, amevaa sare iliyopigwa pasi kama mtu anayekwenda kuanza kazi. Mwenyekiti alikuwa ameshika karatasi yake.

"Mzee, wewe ni nani?"

"Mimi ndiye niliyeandika hicho ulichoshika."

"Vizuri. Basi wewe ni shahidi wetu."

"Hapana. Nilichoandika si kweli. Hawa kumi na mmoja ni watu kumi na mmoja, nami niliwafuta bila kuwasoma."

Akaitazama karatasi, akanitazama. "Unataka kusema redio ilidanganya?"

"Redio haina kidole, Mwenyekiti. Kidole ni hiki hapa." Nikakiinua wote wakione. "Nilikuwa na haraka ya kwenda kusali. Mungu aniwie radhi, na huyu dada pia."

Wakaanza kuteta. Mjumbe mmoja akasema mzee amehongwa. Masika wa sauti ya kwaya akajibu kutoka nyuma, "Amehongwa na nini? Na maharage yetu?" Watu wakacheka, na kicheko kile kilifanya kazi kuliko maneno yangu. Wakamwita Biira. Akasimama na mtoto, akasema aliyoniambia, naye mwanaume mmoja kati ya waliobeba machela akathibitisha. Halafu likatokea ambalo habari yetu haikuliandika popote: zahanati ile ilitakiwa kuwa na wakunga wawili, na wa pili alikuwa hajaletwa tangu wa kwanza afike. Mchana haujageuka wakaamua Sista Yunia abaki.

Ningependa kuwaambia kwamba nilishuka mlima ule nikiimba. Nilipokuwa nikifunga viatu vyangu, Sista alikuja akachuchumaa kando yangu kwa heshima.

"Mzee, nashukuru. Umetembea mbali."

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimesamehe. Lakini nataka kuuliza. Ile maneno bado iko kwa simu?"

"Bado iko."

"Hata leo, baada ya hii kikao?"

"Hata leo."

Akatikisa kichwa, akarudi ndani, maana kulikuwa na mama anayesubiri.

Miezi kadhaa baadaye aliomba nafasi ya kusoma zaidi, mahali ambapo hapana anayemjua. Kwenye usaili walikuwa wamelitafuta jina lake kwenye mtandao. Wakamuuliza, "Wewe ndiye yule wa majina mengi?" Aliwaeleza. Walimsikiliza kwa adabu, wakampa nafasi mtu mwingine. Aliniambia haya mwenyewe, bila hasira, na ingekuwa afadhali angenitukana.

Niliandika Kampala kila Jumatatu mpaka siku niliyostaafu. Jibu lilikuwa, "Tumepokea." Denis akahama, akaja mwingine, naye akapokea. Mahali ambapo onyo linaondoka kwa sababu ya neno kiboko, mistari yangu miwili ya uongo imesimama kama nguzo ya umeme. Nilipostaafu nikajiunga kama msomaji yeyote, nikaandika chini ya tangazo: "Mimi ndiye niliyeandika hayo juu, na si kweli. Wanawake wale ni kumi na mmoja, nimewaona kwa macho yangu." Yalidumu kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Sababu iliyotolewa: "Hayahusiani na habari." Nimeandika tena. Yamefutwa tena. Mke wangu anasema niache. Nitaacha nikifa.

Kwa hiyo, vijana, sikuandika haya ili mnisifu wala mnionee huruma. Najua kiti kile hakikai wazi. Mmoja wenu atakikalia, na kwa elimu mliyonayo huenda atakaa hata kile cha Kampala. Soma maneno kabla ya majina. Ukiwa na haraka ya jambo jema, acha kazi mpaka urudi, kwa maana haraka ya jambo jema ndiyo iliyonidanganya. Na siku ya kwanza utakapopewa ufunguo, kabla hujanywa chai yao, itafute habari ile ya mkunga wa mlimani. Juu ya ukurasa utakuta mistari miwili, haina jina la mtu, ina jina la ofisi. Ni yangu. Iondoe, halafu mpigie Sista Yunia umwambie imeondoka. Yuko zahanati ileile, na bado ni mkunga peke yake.

Mwenyezi Mungu akubariki wewe uliyesoma mpaka hapa. Akulinde na neno la uongo lisemwalo juu yako, na akulinde zaidi na lile ambalo mkono wako waweza kuliandika. Akupe subira isiyogeuka uzembe, na akukutanishe na watu watakaokusikiliza kabla ya kukuhukumu. Amina.